Fistula ya mkononi kwa ajili ya dayalisisi: mwongozo kamili, kuanzia kuulinda mshipa hadi kuchomwa sindano ya kwanza

Mgonjwa wa figo anafanyiwa upasuaji wa fistula, kidonda kinapona vizuri, nyuzi zinatolewa. Miezi mitatu baadaye bado anafanyiwa dayalisisi, yaani kuchujwa damu kwa mashine, kupitia mpira ulioingizwa kwenye vena ya shingoni, kwa sababu mshipa wa mkononi hauchomeki. Lawama humwendea aliyeshona. Ukifuatilia nyuma, mara nyingi utakuta vena ilishaharibiwa na kanula za dripu kabla ya upasuaji, au hakuna aliyeukagua mkono wiki ya sita, wakati kasoro ilikuwa bado inarekebishika. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye yale ya kabla na ya baada. Chumba cha upasuaji ni saa moja au mbili tu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana huwashtua wengi: hii si fistula ya uzazi. Hapa daktari anaunganisha ateri, mshipa unaopeleka damu kwa nguvu kutoka moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha taratibu. Damu ya ateri ikiingia kwenye vena, vena hutanuka na ukuta wake huwa mgumu, hadi uweze kuhimili sindano mbili nene kila kipindi cha dayalisisi. Mashine huvuta takriban mililita 300 hadi 450 za damu kwa dakika. Vena ya kawaida ya mkono haiwezi kutoa kiasi hicho. Ingenywea kama mrija wa karatasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majibu ya karibuni ya damu: utendaji wa figo, hemoglobini, potasiamu na muda wa damu kuganda.
- Picha ya ultrasaundi ya mishipa ya mikono yote miwili, siyo mmoja.
- Orodha ya dawa zote, hasa zinazozuia damu kuganda kama warfarini, klopidogreli na aspirini.
- Orodha ya yaliyowahi kufanyika mikononi, shingoni na kifuani: mipira ya dayalisisi, betri ya moyo, upasuaji wa titi, mkono uliovunjika.
- Kipimo cha presha cha nyumbani.
- Mpira laini wa kubonyeza. Soksi mbili zilizoviringishwa zinatosha.
- Gozi safi na plasta, ziwe karibu na kitanda na nyingine kwenye mkoba.
- Namba ya simu ya kitengo cha dayalisisi na ya daktari wa mishipa ya damu, zimeandikwa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaziona.

## Hatua ya 1: Tenga mkono mmoja mapema

Chagua mkono usioutumia sana. Kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, ni wa kushoto. Sababu ni ya kawaida kabisa: utakuwa umelazwa kwenye mashine kwa saa nne, na utahitaji mkono mmoja wa kunywea maji na kushika simu.

Kuanzia figo zinapochuja chini ya mililita 30 kwa dakika, mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu wala hauwekewi dripu. Kila kanula inayokaa kwenye vena ya kigasha huacha kovu ndani, na kovu hilo ndilo linalokuja kubana fistula baadaye. Damu itolewe mgongoni mwa kiganja cha mkono ule mwingine. Usione haya kumwambia nesi: "Naomba utumie mgongo wa kiganja cha mkono mwingine, mkono huu umetengwa kwa fistula." Nesi anayeijua kazi yake atashukuru.

Uchujaji wa figo ukishuka hadi kati ya mililita 15 na 20 kwa dakika na unaendelea kushuka, omba kupelekwa kwa mpasuaji. Usisubiri siku ya kuanza dayalisisi. Fistula inahitaji miezi miwili au mitatu kukomaa, na baadhi huhitaji marekebisho kabla ya kutumika, kwa hiyo miezi sita ya nafasi si mingi.

Angalizo. Ikibidi kuwekewa mpira wa haraka, uwekwe shingoni, ikiwezekana upande wa kulia. Usiwekwe chini ya mtulinga. Mpira wa mahali hapo huweza kubana vena kubwa ya kifuani. Hutajua hadi fistula ifunguliwe, ndipo mkono mzima utakapovimba kwa sababu damu haina pa kutokea.

## Hatua ya 2: Pima mishipa, usikisie

Daktari anaanza kwa mikono na macho. Anapima presha ya mikono yote miwili; tofauti ya zaidi ya 20 inaonyesha kwamba huenda ateri ya upande mmoja imebana. Kisha anahakikisha kiganja kina njia mbili za damu. Mgonjwa anakunja ngumi, daktari anabonyeza ateri zote mbili za kifundo cha mkono, mgonjwa anafungua kiganja kikiwa kimepauka. Daktari anaachia ile ya upande wa kidole kidogo pekee. Rangi ikirudi ndani ya sekunde chache, ateri hiyo inaweza kulisha kiganja. Ikichelewa, fistula ya kifundo inaweza kuviacha vidole na njaa ya damu.

Baada ya hapo ni ultrasaundi, huku mkono ukiwa umefungwa mkanda wa mpira sehemu ya juu ili vena zijae. Vipimo vinavyotafutwa ni hivi:

- Ateri yenye upana wa ndani wa angalau milimita 2.
- Vena yenye angalau milimita 2 hadi 2.5, inayobonyea kirahisi (isiyobonyea ina damu iliyoganda au kovu).
- Vena iliyonyooka bila kukatika hadi begani.

Chumba kisiwe cha baridi. Baridi na kukaukiwa maji hufanya vena zinywee, na mgonjwa mwenye mishipa mizuri huambiwa hana. Ukiambiwa hivyo baada ya kupimwa ukiwa unatetemeka, omba kupimwa tena. Vilevile usihukumu kwa macho: mtu mnene anaweza kuwa na vena nzuri iliyojificha, na mwembamba akawa na vena zilizotuna lakini zimejaa makovu.

## Hatua ya 3: Kubaliana na daktari mahali pa kuunganisha

Mahali pa kwanza kufikiriwa ni kifundo cha mkono, kisha kwenye kiwiko, mwisho ni vena ya ndani ya mkono wa juu. Mantiki yake ni kuhifadhi: fistula ya kifundo ikifa, kiwiko bado kipo. Ukianzia juu, ya chini mara nyingi umeshaipoteza.

Lakini kanuni hii isigeuzwe sheria ya msahafu. Mzee mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi ana ateri za kifundo nyembamba zilizojaa chokaa. Kumshonea hapo, kusubiri miezi mitatu ishindikane, kisha kumpandisha kiwikoni ni kumwongezea muda wa kukaa na mpira shingoni, na mpira huo ndio unaoingiza vijidudu kwenye damu. Kwake kiwiko kinaweza kuwa chaguo la kwanza.

Vena ya ndani ya mkono wa juu imezama na iko jirani na neva, hivyo lazima ihamishwe karibu na ngozi, mara nyingi kwa upasuaji wa awamu mbili. Muulize daktari mapema kama ni hivyo, ili usishangae kuitwa tena. Pasipo na vena ya kufaa kabisa, huwekwa mrija wa bandia chini ya ngozi. Huo hutumika mapema zaidi, ila huziba na kupata maambukizi kirahisi kuliko mshipa wako mwenyewe.

## Hatua ya 4: Siku ya upasuaji

Kama umeshaanza dayalisisi, chujwa siku moja kabla. Potasiamu iliyopanda ni hatari kwa moyo, na mwili uliojaa maji hauwezi kulala chali. Usikaushwe kupita kiasi pia, maana presha ikiwa chini mshipa mpya huganda. Dawa za kuzuia damu kuganda zisimamishwe au ziendelee kwa maelekezo ya daktari pekee. Osha mkono kwa sabuni. Usinyoe nywele nyumbani, kwani michubuko ya wembe ni mlango wa vijidudu.

Kwa kawaida mgonjwa hupigwa ganzi ya mahali pale tu, au ya neva za mkono mzima. Ganzi ya mkono mzima ina faida ya ziada: mishipa hulegea na kutanuka. Kinachofuata ni hiki:

1. Ngozi inachanwa sentimita 3 hadi 5.
2. Vena inafunguliwa kutoka kwenye nyama, matawi madogo yanafungwa kwa uzi, kisha inakatwa upande wa chini.
3. Inasukumwa maji ya chumvi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kuona kama njia iko wazi hadi juu. Maji yakigoma kupita, hapo si pa kuendelea.
4. Ateri inabanwa pande mbili na kutobolewa tundu refu kama mchano, milimita 5 hadi 6 kiwikoni, hadi 10 kwenye kifundo. Tundu kubwa kiwikoni huiba damu ya kiganja. Ndiyo maana hapo daktari hulifanya dogo.
5. Mdomo wa vena unashonwa ubavuni mwa ateri kwa uzi mwembamba sana usioyeyuka, namba 6-0 au 7-0.
6. Vibanio vinaachiwa, na daktari anaweka kidole.

Kosa linaloua fistula hapohapo mezani ni vena kusokoteka au kupinda kona kali wakati wa kushonwa, kama bomba la maji lililokunjika. Dalili yake inajulikana kwa kidole: mshipa unadunda lakini hautetemi. Kudunda bila kutetema maana yake damu inagonga ukuta mbele.

Mafanikio ni haya: mtetemo laini usiokatika juu ya mshono, kama simu iliyowekwa kwenye mtetemo ndani ya mfuko wa koti. Kabla ya kutoka hospitali, muombe nesi akushikishe kidole chako mwenyewe mahali penyewe. Huwezi kukagua kitu ambacho hujawahi kukigusa.

## Hatua ya 5: Saa 48 za kwanza

Laza mkono juu ya mto, kiganja kikiwa juu kidogo ya moyo. Kiwiko kisikunjwe kwa nguvu. Bandeji isizungushwe mkono mzima. Gozi juu ya kidonda na plasta vinatosha. Bandeji inayozunguka hubana zaidi kadiri mkono unavyovimba.

Gusa mtetemo kila baada ya saa chache ukiwa macho. Fungua na kufunga vidole taratibu tangu siku ya kwanza. Pima presha kwenye mkono ule mwingine. Ikiwa namba ya juu imeshuka chini ya 100, piga simu kabla ya kumeza dozi inayofuata ya dawa ya presha.

Kuvimba kidogo na kuvia damu ni kawaida. Ila maumivu makali ya kiganja yanayoanza muda mfupi baada ya upasuaji, pamoja na vidole kukosa nguvu, si "ganzi inaisha". Neva zinakosa damu, na muunganiko unaweza kulazimika kurekebishwa au kufungwa haraka. Rudi hospitali muda uleule, hata kama ni usiku wa manane.

## Hatua ya 6: Wiki ya pili hadi ya sita

Nyuzi za ngozi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Hadi hapo, usinyanyue ndoo wala mtoto kwa mkono huo. Baada ya hapo anza kubonyeza mpira: bana kwa sekunde 3 hadi 5, achia, rudia kwa dakika 10 hivi, mara tatu au nne kwa siku. Mazoezi huongeza damu inayopita, lakini usiyatwike mzigo usio wake. Mshipa uliobanwa na kovu haufunguki kwa kubonyeza mpira, na kumwambia mgonjwa "ongeza mazoezi" mwezi wa pili mfululizo bila kumpima ni kumpotezea muda.

Ukaguzi wa kila siku, asubuhi na jioni, ni wa nusu dakika:

- Tazama. Wekundu, usaha, uvimbe mpya, vidole vilivyopauka.
- Gusa. Mtetemo upo? Ni uleule wa jana?
- Sikiliza. Weka sikio juu ya mshipa. Mvumo mzito usiokatika ni mzuri. Ukigeuka kuwa mluzi mwembamba, kuna mahali pamebana.

Mambo yanayouziba mshipa mchanga hayana makuu: kulalia mkono, saa yenye mkanda wa kubana, mikono ya shati inayokaza, mkoba ulioning'inizwa kwenye kigasha. Kuharisha na kutapika navyo vimo, kwa sababu mwili ukikauka presha hushuka na damu huwa nzito.

Mtetemo ukipotea, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Damu iliyoganda ikitolewa ndani ya siku moja au mbili, mshipa mara nyingi huokolewa. Baada ya hapo huanza kushikamana na ukuta. Usikande kwa maji moto wala kuchua.

## Hatua ya 7: Ukaguzi wa wiki ya sita, hatua inayorukwa

Hapa ndipo fistula nyingi hufia kimyakimya. Mgonjwa huambiwa "bado changa, tusubiri", na kusubiri kunaendelea hadi mshipa unaganda. Ukweli ni kwamba fistula nzuri hujionyesha mapema. Ikiwa wiki ya nne hadi ya sita vena haijatanuka, kuna sababu, na sababu hiyo inatafutwa.

Vipimo viwili havihitaji mashine. Cha kwanza, mgonjwa ananyanyua mkono juu ya kichwa. Vena inapaswa kunywea, angalau kwa kiasi. Ikibaki imetuna na ngumu, damu haitoki vizuri kuelekea moyoni. Cha pili, mkaguzi anabonyeza vena sentimita kadhaa juu ya mshono hadi mtetemo ukatike. Upande wa chini ya kidole mshipa unapaswa kuanza kudunda kwa nguvu. Usipodunda, damu inayoingia ni haba.

Kisha ultrasaundi, kwa kanuni ya namba sita ambayo ni rahisi kukumbuka: wiki 6 baada ya upasuaji, vena iwe na upana wa milimita 6, isizame zaidi ya milimita 6 chini ya ngozi, na ipitishe takriban mililita 600 kwa dakika. Inahitajika pia sehemu iliyonyooka ya kuchomea, angalau sentimita 6. Fistula yenye milimita 5 inaweza kufanya kazi vizuri. Namba hizi ni za kuamua nani atazamwe zaidi, siyo za kumkatia mtu tamaa.

Kasoro na tiba zake:

- Vena imebana karibu na mshono. Ndiyo kasoro ya kawaida zaidi. Mtetemo husikika mshononi pekee, na juu yake vena ni bapa. Hutanuliwa kwa puto au hushonwa upya juu kidogo.
- Matawi yanagawana damu. Unaona vena mbili tatu nyembamba badala ya moja nene. Tawi kubwa hufungwa kwa uzi.
- Vena imekua lakini imezama. Ultrasaundi inaonyesha upana mzuri, nesi haipati. Hupandishwa karibu na ngozi.
- Vena kubwa ya kifuani imebana. Mkono mzima umevimba, mishipa midogo imejitokeza begani na kifuani. Hutanuliwa kwa puto.
- Ateri yenyewe ni dhaifu. Hapa huchunguzwa ateri tangu begani, na wakati mwingine hulazimu kuhamia juu.

## Hatua ya 8: Kuchomwa mara ya kwanza

Achome nesi mzoefu kuliko wote walio zamu, siyo anayejifunza. Mshipa mchanga ukitobolewa hadi upande wa pili, damu humwagika chini ya ngozi, mkono unakuwa mweusi, na kazi inasimama kwa wiki kadhaa.

Mara za mwanzo hutumika sindano nyembamba, namba 17, na mashine huendeshwa polepole, mililita 200 hadi 250 kwa dakika. Baadhi ya vitengo huanza na sindano moja kwenye fistula na kurudisha damu kwa mpira wa shingoni. Sindano ikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye mshono, na ncha za sindano mbili ziachane kwa takriban sentimita 5, la sivyo damu iliyokwisha safishwa hunyonywa tena na mashine.

Kila kipindi, hama kidogo kutoka tundu la mara iliyopita, kama anayepanda ngazi. Kuchoma palepale kwa sababu "hapauma" hulegeza ukuta, na baada ya muda hutokea nundu lenye ngozi nyembamba inayong'aa.

Sindano ikitoka yote, ndipo bonyeza kwa vidole viwili, dakika 10 hadi 15, bila kuchungulia. Kimoja kinabonyeza tundu la ngozi, kingine tundu la mshipa lililo juu yake kidogo. Nguvu iwe ya kuzuia damu huku mtetemo ukiendelea kusikika. Damu ikichukua zaidi ya dakika 20 kukatika, tena na tena, mwambie daktari: huenda vena imebana mbele, au heparini imezidi.

Vidole vikiwa vya baridi na kuuma kila ukiwa kwenye mashine, taja hilo pia. Fistula inanyang'anya kiganja damu. Vidonda kwenye ncha za vidole ni dalili ya kuchelewa.

Mshipa ukipasuka nyumbani: bonyeza tundu lenyewe kwa kidole na gozi, kwa nguvu, nyanyua mkono, piga kelele za kuomba msaada, uende hospitali. Usiufunike kwa taulo kubwa. Linanyonya damu nawe huoni kama inaendelea kutoka. Nundu lenye kigaga kisichopona, au ngozi inayong'aa na kukonda, lionwe siku hiyohiyo kabla halijafika huko.

## Hatua ya 9: Kutoa mpira wa shingoni

Mpira usitolewe siku ya sindano ya kwanza, wala usiachwe "kwa tahadhari" miezi mingi. Subiri vipindi kadhaa mfululizo vya sindano mbili, mashine ikienda kwa kasi iliyoandikwa na daktari, bila mkono kuvia damu. Vikikamilika, omba tarehe ya kuutoa kabla hujaondoka kitengoni siku hiyo.